Ujumbe wa Lweba Unafika na Tarehe ya Leo

Admin, ficha jina langu, lakini tangazo hili liache jinsi lilivyo: "Wakaaji wa Baraka, Mboko na Lweba, kwa heshima zote mnajulishwa kwamba jogoo wa kiongozi wa kwaya amepatikana. Alikuwa juu ya paa la jirani. Hali ya jogoo ni nzuri, ya paa ni mbaya."

Habari za namna hiyo ndizo nilizokuwa nabeba. Mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili, mwenye tumbo na biro ndogo, kiofisi cha kufotokopi, hapa Baraka kando ya ziwa. Niliwahi kusoma juu ya seva za zamani za Usenet: watu wanaandika katika makundi, na mashine moja inaipasia nyingine ujumbe rezo, yaani mtandao, ikipatikana. Nikaona hii ndiyo dawa yetu, maana rezo kwetu inakuja kama mgeni. Nikaweka mashine hapa, nyingine Mboko, nyingine kwenye shule moja ya Lweba, juu ya paneli ya jua. Makundi nikayaita kwa jina la wilaya yetu: fizi.soko, fizi.ziwa na fizi.jamaa. Hata ndugu zetu wakimbizi Warundi walikuwa wanatafutana humo. Batoto yangu walinicheka: "Papa, WhatsApp iko!" Nikawajibu kwamba WhatsApp haina adabu.

Mashine ya Lweba ilichungwa na rafiki yangu, mwalimu, baba ya Neema. Wiki nzima anafundisha huko, Jumamosi anarudi Baraka kwa bibi yake, Mama Neema. Simu huko ilikuwa shida, basi alikuwa anaandika ndani ya fizi.jamaa, mbele ya watu wote, bila haya, akiagiza kisamvu chake: "Mama Neema, niwekee sombe, nafika Jumamosi." Mama Neema anakuja kusoma kwangu, nami namtania: "Mama, huyu ni bwana yako ao ni muteja wa restora?"

Kisha antena ya Lweba ikaharibika, tukakaa muda mrefu bila kupata kitu. Mvua nazo zikabeba daraja. Mwalimu akaona asikose Jumamosi yake, akapanda mtumbwi. Wimbi likaupindua. Wenzake waliogelea wakafika, yeye hakuonekana. Tulingoja ziwa limrudishe, halikumrudisha. Mwishowe familia ikazika shina la mgomba kwa nafasi yake, kama inavyofanywa kwa mtu ambaye maji yamemchukua.

Baadaye daraja likajengwa tena, antena nayo ikatengenezwa. Mchana mmoja nilikuwa nafotokopi cheti cha ubatizo, nikatupa jicho kwenye ekra ya mashine. Kutoka: mwalimu, Lweba. Tarehe: leo. "Mama Neema, niwekee sombe, nafika Jumamosi."

Nilitoka nje na kiatu kimoja. Mwenye cheti naye akakimbia bila kuuliza sababu. Huku kwetu ukiona mtu mnene anakimbia, unamfuata.

Niliporudi, Mama Neema alikuwa ameshaingia. Hakupiga kelele. Aliketi, kidole chake kikiwa juu ya ekra.

"Papa, muliniambia amekufa."

"Mama..."

"Soma tarehe."

Nikasoma.

"Basi mi naenda kutwanga sombe."

Ukaja ujumbe mwingine, na mwingine. "Leo ziwa limechafuka." Nikachungulia: ziwa lilikuwa jeupe kwa povu. "Hapa mvua tupu." Mara wenye moto, wale wa pikipiki, wakafika kutoka Lweba wameloa hadi mifupa. Ndugu zangu, nilianza kupiga hodi kwenye biro yangu mwenyewe.

Wakati wa kumaliza kilio ulipofika, mdogo wa mwalimu alimkuta Mama Neema kwangu.

"Shemeji, bantu iko tayari. Tumalize kilio."

"Kilio ya nani? Munazika mugomba, munataka mi nililie mugomba? Bwana yangu anaandika."

"Anaandikia wapi? Ndani ya maji?"

"Uliza Papa. Mashine ni yake."

Wote wawili wakanitazama. Mimi nikakohoa.

Sasa kila Jumamosi anavaa kitenge kizuri, anabeba sufuria hadi ufukoni, anatazama kila mtumbwi unaotia nanga. Wengine wanasema amerukwa na akili. Wakwe wake wamechoka: "Kama hutaki kulia bwana yako, Neema tunamuchukua."

Niseme sasa ukweli, jinsi ulivyo. Nilipanda moto hadi Lweba. Mashine iko ndani ya darasa tupu, betri yake imezeeka. Jua likiwa kali inaamka, inatuma kidogo, inalala tena. Inatuma yale mwalimu aliyoandika wakati antena imekufa. Yalikuwa yanangoja ndani. Mawimbi na mvua vilipatana nayo tu, ni msimu wake: jua kali kwanza, kisha mvua. Na tarehe? Tarehe ni mimi. Kila mashine ile inapolala, saa yake inasahau miaka, na seva ya Baraka ilikuwa inatupa ujumbe wake kwa kuuona wa kale. Basi tangu mwanzo niliiamuru: chochote kutoka Lweba, ikipige tarehe ya siku kinayofika. Nilijiona mwenye akili. Kwa habari za majogoo haikumdhuru mtu.

Ndani umebaki ujumbe mmoja. Sikuufungua. Juu yake ameandika: "Mama Neema peke yake." Nikachomoa waya ya paneli, nikarudi nayo. Tangu hapo Lweba iko kimya, na yule mama ananiuliza kila siku: "Papa, amekasirika? Nimemukosea nini?"

Jumapili familia zote mbili zitakaa, na wanataka niseme mimi. Nikieleza hizo tarehe, nitakuwa nimemzika rafiki yangu kwa mdomo wangu, na maneno yake ya mwisho mkewe atayasoma akiwa mjane. Nikirudisha waya, mwalimu ataamka na tarehe ya leo, sufuria itarudi ufukoni, na Neema atachukuliwa.

Ninyi mlio wengi, nishaurini: nianze na ukweli, ao nianze na ujumbe? Peke yangu nimeogopa kuchagua.