Bi Haya wa Chini ya Dirisha

Mama mkwe alipokwenda kulazwa hospitali, hakuuliza habari za kuku wala za funguo. Alimshika mkono mke wa mwanawe, yule mshonaji, akamwambia, "Nitunzie Bi Haya."

Bi Haya ni kiua cha milimani, kifupi, cha buluu, kinachoinamisha kichwa kama mwari. Marehemu baba mkwe alikitoa huko juu kwenye mawe na baridi, akakipanda chini ya dirisha la chumba chao.

Tangu hapo mshonaji hakuwa na raha. Akikanyaga cherehani, jicho dirishani. Akimnyonyesha mtoto, jicho dirishani. Majani yakageuka manjano, kisha yakalala chini kama kitambaa kilicholowa. Na kila akienda kumwona mgonjwa, swali lilikuwa lile lile.

"Bi Haya hajambo?"

"Hajambo, mama," alijibu.

Jioni moja akawaonyesha wenzake.

"Kiu hiyo," alisema mumewe. "Na mimi kila asubuhi namwagia maji kabla ya kwenda kazini."

Wifi yake, aliyekuwa akimenya vitunguu, akainua uso. "Unamwagia wewe? Mbona na mimi namwagia mchana?"

Mshonaji akaketi. Yeye alimwagia jioni, tena na kiganja cha samadi juu. Nyumba ile ndivyo ilivyo: kila mtu huogopa kwamba mwenzake amesahau, hata mchuzi hutiwa chumvi mara tatu.

"Basi tumemzamisha," alisema wifi. "Mama akirudi, mimi nipo kwa shoga yangu."

Mshonaji akainuka.

Akamchimbua kwa kijiko. Udongo ulikuwa umevunda, nusu ya mzizi ilikuwa laini kama sabuni iliyosahaulika majini. Akaikata kwa mkasi wa vitambaa, ule asioruhusu uguse hata karatasi. Akachanganya mchanga na kokoto zilizobaki ujenzini, akampanda upya kwenye kituta. Kisha akaificha ndoo ya kumwagilia.

Mama mkwe alirudi amekonda, kashikwa mkono na mwanawe. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja chini ya dirisha, akakuta kokoto tupu, bila hata jani.

"Mama, nilikudanganya," alisema mshonaji. "Tulimmwagia sote watatu, akaoza."

Mama mkwe akachuchumaa kwa taabu, akapapasa kokoto kwa kidole. Mtoto mgongoni mwa mshonaji akapiga chafya.

"Njoo uone, mwanangu."

Mshonaji akainama. Katikati ya mawe palikuwa na kitu cha kijani, kadiri ya kichwa cha pini.

"Ndoo iko wapi?" aliuliza mama mkwe.

"Nimeificha."

"Iache huko huko."