Toa Basi

Mtaani walimwita Mama Subiri, na hata mtoto hana. Jina alipewa na kazi. Katika kile chumba cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, mteja akinyoosha tu mkono kuchomoa flashi yake, anasikia: "Subiri! Unataka kuiua?" Mausi iliharibika zamani, na tajiri wake mwenye duka, bahili wa kutupwa, hakununua nyingine. Basi Mama Subiri aliichapia kompyuta amri kwa maneno, huku akizitamka: fungua, nakili, toa. Mashine ikikubali ndipo flashi ichomolewe.

Sasa tajiri ameiuza kompyuta yenyewe. Na humo ndimo ilimobaki sauti ya marehemu baba yake, maongezi mafupi ambayo Mama Subiri aliwahi kuyarekodi kwa simu iliyokwisha kufa. Mdogo wake wa kike alizaliwa baba keshazikwa. Kumwona, alimwona pichani. Kumsikia, hajamsikia hata siku moja. Alikuja dukani amevaa vizuri, kama anayekwenda kupokea mgeni. Kompyuta haikuwa na spika, kwa hiyo wangesikiliza nyumbani kwa mama.

Dada mtu hakuinakili sauti kwenye flashi, aliihamisha. Hakutaka sauti ya baba iuzwe pamoja na machuma. Kisha akachapa amri ya kutoa. Mashine ikakataa: flashi bado inatumika. Akarudia, ikakataa tena. Wanunuzi walikuwa wameshafika mlangoni, wanaguna.

"Toa basi!" akaifokea mashine. "Si utoe!"

Mdogo wake, aliyekaa ubavuni mwa kompyuta, akachomoa.

"We! Sikukwambia wewe!"

"Si umesema toa?"

Lahaula! Dada akairudisha flashi haraka. Faili lilikuwepo, limeandikwa "Baba", lakini ndani patupu. Kwenye kompyuta nako halipo. Akachapa kila amri aliyoijua, jasho linamtiririka, mpaka wanunuzi wakachoka, wakang'oa waya na kubeba mashine yao.

Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema. Wepesi wa kusema hivyo ni wale ambao hawajamwaga ya mwenzao.

Wakabaki wamekaa kwenye benchi. Mdogo mtu hakulia, na hilo ndilo lililomuuma dada yake zaidi.

"Basi niigizie," alisema. "Baba alikuwa anaongeaje?"

Dada akasafisha koo. Akamwita mama yao kama baba alivyokuwa akimwita. Akarudia, kwa sauti nzito zaidi.

"Ndiyo hivyo?"

"Hapana," dada akasema. "Siyo hivyo. Hakuwa hivyo kabisa."