Siku Niliyomwandika Mama Neno kwa Neno

Nimechoka na neno "verbatim". Kazi yangu, katika ofisi moja ya Kilimani, ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyachapa, na kila faili huja na neno hilo juu. Liliniudhi hadi nikalitafuta kwenye kamusi. Kumbe Waingereza walilitoa kwenye Kilatini: verbum ni neno, na ule mkia wa -atim unaonyesha kitu kinachofanywa kimoja baada ya kingine. Neno kwa neno, basi, bila kuruka. Siku hiyo nilijiona msomi kweli. Nikaanza kuringa nalo, nikiwaambia watu kwamba mimi siongezi wala sipunguzi.

Pengine ndiyo sababu jamaa zetu walinichagua kuwa katibu mwaka jana, tulipokutana nyumbani Waithaka kuzungumzia kipande cha shamba alichotuachia baba. Mama ndiye aliyekuwa akikilima. Ndugu za baba walitaka nusu yake wajenge nyumba za kupangisha. Kumbukumbu za mkutano zingepelekwa kwa chifu zikiwa na sahihi za wote, na hapo mambo yangekwisha.

Walizungumza tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana kikapoa. Mama alikataa mara tatu, mara nne, nami nikaandika kila mara. Goti lilikuwa likimsumbua na hakuna aliyejali, hata mimi. Mwishowe baba mdogo akamuuliza tena lile lile. Mama akajipangusa uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Haya, chukueni. Chukueni yote basi, mniache nipumzike."

Yeyote aliyelelewa na mama yule anajua hiyo haikuwa ruhusa. Ndivyo alivyokuwa akitufukuza jikoni utotoni tulipomsumbua kuhusu sukari. Lakini kalamu yangu haikusita. Niliandika neno kwa neno, na naona aibu kusema kwamba nilifurahi kuwa sikuachwa nyuma na maneno yake.

Kwetu katibu husoma kila kitu kwa sauti kabla ya sahihi. Nilipofika kwenye maneno hayo ya Mama sauti yangu ikafifia. Baba mdogo akainua mkono.

"Rudia hapo. Soma vile alisema."

Nikasoma. Nilitaka kudai kwamba nimekosea, lakini watu kumi na mmoja walikuwa wamesikia.

"Mama, si uwaambie hukumaanisha hivyo?" nikamwomba.

"Nimewaambia tangu asubuhi," akanijibu polepole. "Nimechoka."

"Kwa hivyo katibu ameandika uongo?" baba mdogo akauliza.

Mama akanitazama, kisha akawageukia.

"Hapana. Hivyo ndivyo nilisema. Huyu mtoto wangu hawezi andika uongo."

Akaniomba kalamu, akatia sahihi.