Zamu ya Torcuil

Miaka mitatu na miezi minne hakufa mtu kisiwani kwetu, na mimi nilikuwa nimechoka. Usinitazame hivyo. Mama yangu, Oighrig, alikuwa na miaka tisini na mmoja, hajanyanyuka kitandani tangu mwaka juzi, na kila asubuhi akifumbua macho alikuwa anasema, "Ebo! Bado nipo?" Nikimjibu, "Upo, mama," anageukia ukutani.

Aliyemweka hai ni Murdina. Binti wa miaka ishirini na mbili, mwembamba, mikono imepasuka kwa sabuni, kazi yake kuzunguka nyumba za wazee na wagonjwa. Kwetu alikuwa anafika asubuhi na alasiri. Daktari alishasema mama aachwe apumzike, lakini wapi! Mama akikataa uji wa shayiri, Murdina anambembeleza: kijiko, maneno matamu, kijiko tena. Mama akilala sana, anamwamsha. Mzee Lachlann wa jirani aliposhikwa na kichomi tulishaanza kupiga pasi nguo nyeusi, Murdina akamkanda kifua kwa mafuta ya kafuri siku tisa mfululizo mpaka mzee akaamka anadai tumbaku. Mchungaji alimsifu kanisani. Mchimba makaburi akaniambia, "Sepetu yangu imeota kutu, Peigi. Huyu mtoto atanifukuzisha kazi."

Mimi pia nilimsifu, mwanzoni. Baadaye nikaanza kujiuliza, maana mtu hajitumi hivyo bure. Macho yalikuwa yamemwingia ndani, nguo zinamning'inia, na mtu akikohoa kanisani Murdina anageuka kabla ya mke wa mkohoaji.

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Murdina alikuwa mchumba wa Torcuil, kijana wa nyumba ya kilimani. Wiki tatu kabla ya harusi Torcuil alimfuata kondoo jabalini, akateleza. Tulimzika mwezi wa Novemba. Baada yake hatukumzika mwingine.

Na kwetu, aliyezikwa mwisho ndiye anayeshika zamu. Anasimama kwenye lango la makaburi, mvua yake, theluji yake, anawalinda wenzake, mpaka azikwe mwingine aje kumpokea. Hapo ndipo anapokwenda kulala. Zamani wakifa watu wawili siku moja, jamaa walikuwa wanakimbizana na majeneza njia nzima, wakifika langoni ni ngumi, maana atakayeingia nyuma ndiye atakayesimama. Babu yangu alipoteza meno mawili kwenye mazishi ya namna hiyo.

Adhuhuri moja ya mwezi wa Machi nilimfuata Murdina baada ya kazi ya asubuhi. Mvua ilikuwa ile ya manyunyu, ya kuudhi. Nikamkuta langoni anaongea, na mbele yake sikuona mtu. Halafu akanyoosha mkono hewani, akapandisha kola ambayo haikuwepo, akafunga kifungo ambacho hakikuwepo, taratibu, kama mke anayemwandaa mumewe kwenda kazini.

Nilipomwita hakushtuka. "Unamwona, shangazi?"

"Simwoni."

"Lakini yupo. Kila siku nakuja. Siku mtu akifa, ataondoka, nami sitakuwa na mtu tena." Akajifuta uso kwa mkono. "Nimechoka, shangazi. Mgongo unaniuma mpaka usingizini. Lakini nifanyeje?"

Hasira ilinipanda, sifichi. "Kwa hiyo mama yangu analishwa kama bata ili wewe upate mwanamume wa kuzungumza naye?"

"Ndiyo," akasema. Hivyo hivyo, bila haya.

"Na yeye anakwambia nini?" nikauliza.

"Ana swali lake moja tu. Nikifika ananiuliza, 'Nani mgonjwa leo?' Nikimwambia fulani amepona, anainama, ananyamaza. Ana huruma kuliko nyinyi nyote."

Lo, maskini! Nilimwangalia, nikatamani ninyamaze, lakini mdomo wangu tangu utotoni haukuumbiwa kunyamaza. "Murdina, mwanangu. Nilifanya kazi bara, kiwanda cha samaki, zamu ya usiku, miaka sita. Kukikaribia kucha nilikuwa namuuliza kila anayepita, 'Dolina amefika?' Dolina ndiye aliyekuwa ananipokea. Unadhani nilikuwa nampenda Dolina?"

Murdina aligeuka. Akatazama pale alipokuwa ametazama mwanzo, muda mrefu. "Kwenda zako," akaniambia. "Kwenda, shangazi!"

Siku mbili hakuja. Siku ya tatu alikuja mikono mitupu, hana sufuria wala chupa ya dawa, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama. "Bibi, unataka nini?"

"Kulala, nisiamshwe."

"Utasimama langoni, bibi. Na sijui mpaka lini."

"Mimi?" Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi. "Nimelala mpaka mgongo umeota vidonda. Kusimama kidogo kutaninyoosha. Niache, mtoto mzuri. Hata wewe huna uso wa mtu aliye hai."

Murdina akamlalia kifuani, akalia kwa sauti, na mama akawa anampapasa nywele mpaka mkono ukamchoka.

Mama alikufa Alhamisi, mchana, usingizini, hakuamshwa. Jumamosi tukamzika. Watu walikwenda kujipasha moto kwa wiski. Mimi nilikaa jikoni, macho makavu, namngoja Murdina aliyebaki makaburini. Aliingia akiwa amelowa chapachapa, akaketi bila kuvua koti.

"Ameondoka?"

"Ameondoka. Alimshika mama yako mikono yote miwili. Akamshukuru, shangazi, analia kama mtoto."

"Na wewe? Amekuaga vipi?"

Murdina alikuwa anatazama moto. "Nilikuwa nimesimama njiani, ndani ya lango," akasema. "Akaniambia nimpishe."