Kwa Nini Unaitwa Schmidt

Ninaikumbuka siku uliyozaliwa, mwanangu, na kitu cha kwanza kinachonijia ni pikapu nyeupe iliyojaa mitungi ya gesi. Ilikuwa mwaka 2012, saa nne asubuhi. Mama yako alinipigia kutoka saluni alikokuwa akisuka, akaniambia uchungu umeanza na madereva wa teksi wamegoma. Mimi nilikuwa kazini karibu na bandari, kwenye karakana ya kutengeneza matrela ya malori, simu mkono mmoja, mkono wa pili bado una glavu ya kuchomelea. Mwenye karakana, mzee wa Kizungu aliyeitwa Schmidt, aliniona nimeduwaa, akauliza kuna nini, akachukua funguo za pikapu ile. Tulimpitia mama yako, yeye akiendesha tukavuka taa mbili nyekundu, mimi nimefumba macho, na saa saba mchana ulikuwa duniani.

Wewe ni mtoto wa Durban, kwa hiyo huenda hujui desturi yetu sisi wa Kongo. Mtu akikutendea wema mkubwa, unamshukuru kwa mtoto: unampa mtoto jina lake kama lilivyo, hata likiwa la ukoo. Ndiyo maana kule kwetu utakutana na watu wenye majina ya mapadri wa Kibelgiji, na hakuna anayeshangaa. Jina la ukoo kwenye cheti chako lilipaswa kuwa langu, ndiyo sheria ya hapa, lakini la kwanza tulikuwa huru kuchagua. Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani nikatangaza kwamba mwanangu ni Schmidt. Watu walipiga makofi sana.

Hiyo ndiyo hadithi unayoijua. Sasa nikueleze ile niliyoificha.

Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake. Babu yako, Mzee Mushagalusa, alikuwa kijijini nyuma ya Bukavu, kifua kinamsumbua, na kila nilipompigia aliulizia mimba inaendeleaje. Alikuwa akilisubiri jina lake, ambalo hata mimi sina. Mama yako alisema tuandike yote mawili, nafasi ipo. Nikakataa. Nilimwambia majina mengi yanasumbua kwenye fomu, na mama yako, ambaye si rahisi kumdanganya, alinitazama tu akaendelea kukunyonyesha.

Ukweli ni kwamba nilimwonea haya baba yangu. Alikuwa mhunzi. Alifua majembe na visu kutokana na springi za magari mabovu, akinuka moshi mwaka mzima, na shuleni waliniita mtoto wa makaa. Nilipofika Durban, ambako hakuna aliyenijua, nilimwambia kila aliyeuliza kwamba baba yangu ni mwalimu. Nilimwambia hivyo hata Mzee Schmidt siku aliponiajiri. Na jina la Kizungu nililipenda kwa sababu yangu mwenyewe: niliona litakufungulia milango ambayo mimi nilifungiwa. Shukrani ilikuwepo, sikatai, lakini ilikuja na tamaa nyuma yake.

Nikampigia babu yako kumpa habari. Nikasikia anavyopumua kwa shida. Sikumsikia akilalamika wala kulitaja jina lake.

"Jina ile iko na maana gani, papa?" aliuliza. Papa ndivyo alivyoniita tangu utoto.

Nikasema sijui.

"Unapatia mutoto jina yenye haujue? Tafuta kwanza maana yake, kisha uniite."

Akakata simu. Babu yako hakuwahi kunikatia simu kabla ya siku ile.

Jumatatu nilimkuta Mzee Schmidt amechuchumaa kando ya trela lililopinda chesisi, fremu yake ya chini. Nilimweleza kwamba mwanangu ana jina lake. Nilidhani atafurahi. Akawa mwekundu, akajifutafuta mikono kwenye ovaroli muda mrefu, kisha akasema asante, ila nisidhani nimempa mtoto kitu adimu. Kule Ujerumani, alisema, wenye jina hilo wamejaa. Ni wa pili kwa wingi baada ya akina Müller, wasaga nafaka. Wengine huliandika Schmitt, wengine Schmid, na Waingereza wana Smith wao, yote baba mmoja. Zamani, karani alipotaka kuwaandika watu, aliwaandika kwa kazi zao, na kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kila kijiji kikazaa Schmidt, watu wasio na undugu wowote.

Nilimwomba arudie maana yake. Akasema ni mfua vyuma tu, mtu wa nyundo na moto. Watu wake mwenyewe walikuwa wameshaisahau kazi hiyo. Babu yake alilima miwa hukuhuku Afrika Kusini, juu bara, na yeye alirudi kwenye chuma kwa bahati tu.

Niliitazama nyundo niliyoshika. Akanitazama.

"Baba yako si mwalimu," alisema. "Wenzako wanapasha chuma halafu wanakigonga tu. Wewe unaisubiri rangi. Mwalimu hafundishi hivyo."

Alisema kweli. Chesisi iliyopinda huinyooshi kwa nguvu. Unaipasha moto mpaka ifike wekundu wa nyanya iliyoiva, ndipo unapiga. Ukiwahi inapasuka, ukichelewa inalegea. Nilijifunza hayo nikiwa na miaka tisa, navuta mvukuto wa baba yangu huku nikimwomba Mungu wanafunzi wenzangu wasipite njia ile. Mkate wangu wote wa Durban ulitoka kwenye mvukuto ule, nami nilikuwa nimeukana. Niliona aibu, mwanangu, na safari hii ilikuwa aibu ya haki.

Nikamwambia Mzee Schmidt ukweli. Hakunisema. Aliniambia nikapige simu, chesisi haitakimbia.

Babu yako alipokea akiwa anakohoa. Nilimweleza jina maana yake ni mhunzi, na kwamba Wajerumani wote hao, maelfu kwa maelfu, wanaitwa kwa kazi yake. Halafu nikamwambia na lile la mwalimu, kwa sababu nilijua nisiposema siku ile sitasema tena. Kisha nikamsikia anacheka, kicheko kilichochanganyika na kikohozi.

"Ulinikimbia mupaka ku bahari, papa," alisema, "na ku bahari ukanikuta."

Nikamwambia nitakwenda kubadilisha, cheti bado hakijatoka. Akakataa. "Iache vile iko. Ni jina yangu ile. Siku akikomaa, umuelezee."

Hakuishi kufika mwaka uliofuata. Hukumwona, yeye alikuona kwenye picha moja tu ya simu. Nami nikakaa na agizo lake miaka yote hii, nikijiambia bado wewe ni mdogo.

Sasa wiki iliyopita nilikuwa narudi nyumbani hapa mtaani kwetu Sydenham, nikakusikia getini ukiwaambia wenzako kwamba babu yako ni Mjerumani. Uliwaonyesha kwenye simu ukurasa unaoeleza jina lako limetoka wapi na lina watu wangapi. Iliniuma. Sikukukatiza, kwa sababu katika sauti yako niliisikia yangu ikisema "mwalimu". Uwongo ule uliurithi kwangu, kwa kuwa nilikunyima ukweli.

Basi nasaha yangu ni hii. Usivae jina kwa ajili ya milango. Milango mingi nilikuta imefungwa hata kwa jina zuri, na ule uliofunguka ulifunguliwa na mikono niliyofundishwa kijijini. Kazi ya mzazi wako usiifiche, hata kama inanuka moshi. Na ukiwa na jambo la kumwambia mtoto wako, usingoje akomae. Ukurasa ule wa simu haukudanganya, ila kuna mhunzi mmoja haukumwandika, na huyo ndiye wako.

Mungu akupe subira ya babu yako mbele ya moto, akupe macho yake, na akujalie watoto wasiokuonea haya. Na kesho pale getini wakikuuliza wewe ni Schmidt wa nani, waambie: wa Mushagalusa.