Kitanda Kilichovuka Mpaka Kikiwa Meza

Baba yangu alikuwa seremala mjini Kamembe, upande wa Rwanda, na ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko randa yake. Siku walipoleta posa yangu, mama wa mchumba aliuliza, kwa adabu zote, kama binti ataondoka na kitanda. Baba akajibu kwamba binti wa seremala halali juu ya mkaratusi, atalala juu ya libuyu. Libuyu ni ule mti mzito wa misitu ya Kongo, na mama mkwe alipousikia aliweka kikombe chini. Nilijaa fahari hadi nikasahau kupitisha sambusa.

Haukupita muda, ng'ambo kule Kongo wakakataza mbao tupu zisivuke. Kwetu msitu wa Nyungwe ulikuwa umekwisha kulindwa, hutoki humo na hata kijiti cha kuchokolea meno, na mimi sikuwa na kinyongo, maana nyani nao wana kwao. Lakini hakuna aliyetuambia tuache kutamani vitanda. Kilichoruhusiwa kutoka Bukavu, mji wao wa mpakani, ni samani zilizokamilika. Basi maseremala wakapata akili: unanunua mbao kule, unazipigilia misumari michache, unavuka daraja na "meza", ukifika unaibomoa. Zilikuwa meza mbaya hizo, nyingine zina miguu mitano. Kwa jinsi zilivyovuka, ungedhani wilaya yetu nzima ya Rusizi ina karamu.

Nikamsihi baba afanye vivyo hivyo. Akaenda Bukavu asubuhi akisema atarudi adhuhuri, akakaa huko karibu juma zima. Alikuwa ameshindwa kutengeneza kitu kibaya. Alichonga maungio, akatia gundi, akapiga msasa, akapaka vanishi. Msumari hata mmoja hakutia.

Yaliyotokea mpakani nilisimuliwa na mama, ambaye aliuza nyanya Bukavu na siku hiyo alikuwa akirudi pamoja naye. Mkaguzi alikuwa na desturi ya kuzitikisa meza kwa kidole huku akiguna. Hii ya baba aliisukuma kwa bega, ikatulia tuli. Akaizunguka.

"Mzee, hii iko meza ya kweli," alisema kwa mashaka.

"Iko ya kweli," baba akajibu.

"Kila siku bantu banapita hapa na za kutetemeka. Juu ya nini weye unaleta ya kweli? Unaficha nini?"

Wakailaza chali mbele ya umati na kuipekua uvunguni. Baba, badala ya kuogopa, akawa anamwelekeza mkaguzi jinsi maungio yalivyoshikana. Mama alitamani ardhi immeze. Mwishowe wakaachiliwa.

Siku ya kupakwa hina, baba akaiegemea meza na kushika msumeno. Akauweka. Akaushika tena. Nilisimama mlangoni nikichemka.

"Papa, na kitanda yangu?"

"Mutoto yangu, hii muti balisha kuikata mara moja kule pori. Miye niikate tena?"

"Ulisema nitalala juu ya libuyu."

"Basi lala."

Nililia kwa hasira, na hina mbichi mikononi hata machozi nisiweze kuyafuta. Kesho yake meza ikabebwa hadi Gihundwe, kwa mume wangu, ambaye ni mtu wa amani. Aliitazama, akatandika godoro juu yake, akatafuta kigoda cha kupandia.

Mama mkwe hakukawia kuja. Alifunua shuka, akagonga ubao kwa kiungo cha kidole.

"Ni libuyu kabisa," akasema. Kisha: "Lakini juu ya nini iko murefu hivi?"

"Ni modeli ya Bukavu, Maman," nikajibu bila kupepesa.

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake. Moyo wangu ukatua, sikuumbuka.

Ila haikuishia hapo. Mama mkwe alimwambia jirani, jirani akamwambia shemeji yake, na mwezi haujaisha baba alikuwa na foleni ya watu wanaotaka vitanda virefu vya libuyu, wa mbele akiwa mama mkwe mwenyewe. Baba akafunga vyombo vyake kwa furaha na kushika njia ya Bukavu.

Mama alipokuja kunisalimu, nilimweleza habari hiyo nikicheka. Yeye hakucheka. Alivuka kila siku, alikuwa ameyaona malori yakishusha magogo kule Bukavu.

"Pori yetu tunaichunga," alisema. "Ya benzetu tunailalia."

Kisha akaomba kigoda, akapanda, akalala usingizi wa mchana.