Ndege ya zamani, engine mpya, na shanga za nyanya yangu: yaliyotupata Kakuma

Wakuu, ejok, salamu za kwetu Turkana.

Mimi ni wa kusoma tu humu, sijawahi kufungua uzi. Niko Form Three, shule ya bweni Lodwar, na hata darasani huwa sinyooshi mkono. Nikijikwaa mahali mnivumilie. Sitaongeza chumvi, maana hii yenyewe imeshanishinda kumeza.

Ilikuwa likizo, niko nyumbani Kakuma. Babu akaanza kukosa pumzi. Tulimpeleka clinic, na clinical officer akasema mapafu yamejaa maji, afikishwe Lodwar leo, sio kesho.

Shida ilikuwa mvua. Laga, ile mito ya msimu, zilikuwa zimefurika, barabara ya Lodwar imekatika, malori yamelala foleni kila upande. Ambulance ingepitia wapi?

Hapo ndipo Captain aliingia. Ni mzee mstaafu anayerusha dawa kwenye vituo vya mbali. Ndege yake ni ndogo, imeundwa kabla baba yangu hajazaliwa. Ameibadilisha sana: engine kubwa kuliko ya kwanza, matairi manene ya mchanga, na kiti cha nyuma kimeondolewa machela iingie. Alikubali kumbeba babu bure.

Babu akasema haendi angani bila mke wake. Hakuna mtu aliyebishana naye, kwa sababu kila neno lilimmalizia pumzi.

Sasa kwa airstrip.

Captain hapakii mtu kwa macho. Kila kitu kinapimwa, hata soksi zako. Walileta mizani kubwa ya magunia. Babu akapimwa na machela yake, kisha clinical officer, kisha mtungi wa oxygen. Nyanya akapanda mwisho.

Kuna jamaa wa South Sudan anayeuza soda hapo nje, tunamjua, akamwambia, "Mama, leo unauzwa kwa kilo."

Nyanya akamjibu kwa Kiturkana kwamba yeye hana bei, aulize mzee aliyemlipia ng'ombe. Nikatafsiri, watu wakacheka. Hata babu alitabasamu ndani ya ile mask. Huwa narudia hapo sana.

Captain akajumlisha. Akajumlisha tena. Tumezidi.

Akatoa mafuta kidogo, akabakisha yale ambayo sheria inasema lazima yabaki. Akashusha toolbox, maji ya kunywa, hata koti lake. Bado tumezidi, kidogo tu.

Mjomba, ambaye ni mtoto wa kwanza wa nyanya, akaanza kuwaka. Akasema si umeweka engine kubwa, si hiyo ndiyo kazi yake?

Captain hakukasirika. Alisema, "Kijana, ukimnunulia punda kamba mpya, mgongo wake haujawa mpya."

Akatueleza, na hapa wakuu ndipo nilipoelewa. Uzito wa juu wa ndege kisheria unawekwa na walioiunda, kulingana na mifupa yake: mabawa, miguu, yale maungio. Ukibadilisha engine, ile limit haipandi yenyewe. Inapanda tu kama hiyo modification imekuja na karatasi zilizoidhinishwa za uzito mpya. Yake iliidhinishwa kama engine tu. Kwa hivyo limit ni ile ile ya zamani.

Halafu akasema jambo lingine polepole, kama hataki tulisikie. Engine mpya ni nzito kuliko ile ya kwanza. Matairi pia. Ndege ikiwa tupu tayari imekula sehemu ya limit.

Yaani na ile engine dhaifu ya zamani, nyanya angeingia vile alivyo.

Mjomba akamwomba afumbe macho siku moja. Captain akasema jua limekuwa kali, hewa ni nyepesi, runway ni fupi, na akianguka na watu wetu hatutamuuliza kuhusu siku moja. Safari ya pili haikuwezekana, mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Lodwar.

Kisha akamwangalia nyanya shingoni, akasema zile shanga zikibaki chini tutatosha.

Kwa wasiotujua: mama wa Kiturkana aliyeolewa huvaa shanga kutoka mabegani hadi kidevuni, safu juu ya safu, na pete ya chuma ya ndoa shingoni. Hata akilala hazivui. Zinavuliwa mume akifa. Wanawake wazee wanakuja, wanamvua mjane. Mume akiwa hai, ukivua umemzika.

Captain hakujua. Kwake zilikuwa kilo.

Mjomba akageuka upande. Akaniambia, "Mimi siwezi kumtamkia mama yangu hayo maneno. Sema wewe."

Mimi, ambaye hata kuagiza chai hotelini natetemeka. Nikamwendea nyanya, watu wote wananitazama, nikasema, "Nyanya, ndege inasema uvue."

Aliangalia machela. Babu alikuwa amefunga macho, sijui kama alisikia. Naomba Mungu hakusikia.

 Nyanya alianza kuvua, safu moja moja, ananiwekea mikononi. Ngozi ya chini ilikuwa laini, ya rangi tofauti, kama ya mtoto. Yule jamaa wa soda akaondoka.

Mizani ikakubali. Ndege ikaruka vizuri kabisa.

Babu alifika Lodwar akiwa hai. Alifariki siku iliyofuata.

Barabara ilipofunguka nyanya alirudi. Wanawake wazee walikuja kama desturi, wakaketi, wakamtazama shingo. Mmoja akauliza, "Sasa tumekuja kuvua nini?"

 Tangu siku hiyo kuna jamaa zetu wanasema nyanya ndiye alimmaliza mzee pale airstrip. Hajitetei. Nilipomwambia maneno yalitoka kwangu, alisema tu niende nikasome.

Funzo? Mkuu ukiwa na ndege ya zamani na unataka kuibadilisha, uliza karatasi za uzito kabla ya kuuliza nguvu ya engine. Na ukiwa unapima watu, uliza kwanza walichovaa ni nini kwao.

Nimetafuta wa kulaumu nimekosa. Clinical officer alikuwa sawa, Captain alikuwa sawa, sheria iko sawa. Kama kuna rubani au fundi wa ndege humu, niambieni kama kulikuwa na njia nyingine halali siku ile. Hata kama jibu litaniuma, liandikeni.

Shanga ziko kwa gunia chini ya kitanda changu. Nyanya hajaziulizia. Nimejaribu kulibeba mara moja tu.

Ni zito kweli. Captain hakudanganya.